Kuchonga kanga kwa mstari mweupe, njia ya Thomas Bewick: mbao gani, kalamu gani, na kuchapa bila mashine

Mchapaji_Moro

Wakuu, salaam.

Nina mchoro wa kanga, huyu wa porini mwenye pembe ya mfupa kichwani. Nataka kuugeuza kuwa chapa ndogo ya wino mweusi, sentimita 8 kwa 6, kwa njia ya Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, mchonga picha kwenye mbao wa karne ya 18. Kanga ana mwili wa giza uliojaa madoa meupe, na Bewick alikuwa akichonga weupe ndani ya weusi, kwa hiyo ndege na njia vinaendana.

Linoleamu, ile ya kutandika sakafuni ambayo wachapaji huichonga, naifahamu, lakini kwa kazi hii imefika ukomo. Doa likipungua chini ya milimita moja kingo zinabomoka, na madoa mawili yakikaribiana, ukuta wa katikati unalala roli ya kupakia wino ikipita. Mninga nao vinyweleo vyake vinatokea kwenye karatasi kama mikwaruzo.

Naomba msaada wa mambo haya: ni mbao ipi ya huku kwetu inaweza kubeba mstari mwembamba kama wa Bewick? Kalamu za kuchongea zinoleweje? Alipataje ule ukungu wa kijivu nyuma ya ndege wakati wino ni mmoja tu? Na je, mtu asiye na mashine ya kuchapia anaweza kutoa nakala safi?

---

Fundi_Randa

Mkuu, anza na namna mbao inavyokatwa, halafu ndiyo tuje kwenye jina la mti.

Mninga uliotumia umepasuliwa kwa kufuata urefu wa gogo, kama mbao ya mlango. Ukichonga juu ya ubao huo, ukienda na nyuzi patasi inateleza, ukizikata inarukaruka na kung'oa vibanzi. Bewick alichonga kwenye kibao kilichokatwa kwa kuvuka gogo, kama unavyokata muhogo vipande vya duara, ili nyuzi zote zisimame wima chini ya kalamu. Hapo unaweza kuzungusha mstari upande wowote na upinzani ukawa uleule. Mti wake ulikuwa Buxus sempervirens, ambao hukua polepole sana na shina lake huwa jembamba. Ndiyo maana picha zake za ndege ni ndogo, nyingi zinaenea kiganjani.

Kwa huku, achana na mninga na mvule kabisa, hata ukikata kwa kuvuka. Vinyweleo vyake ni vikubwa kuliko mstari unaotaka kuchonga. Tafuta mti wenye nyama iliyoshikana: mpera, mchungwa au mlimau wa zamani, au mzeituni mwitu. Mpera ndio ningeutaja wa kwanza, kwa sababu unapatikana mashambani bila shida na una rangi nyepesi, hivyo mchoro wa penseli unaonekana. Chagua shina la unene wa sentimita 12 au zaidi.

Mpingo nao unaweza. Ni mzito kiasi cha kuzama majini na unashika mstari mwembamba ajabu. Una kasoro mbili: unachosha makali haraka, na weusi wake unaficha unachochonga. Pangusia unga wa chaki kwenye mistari ili uione. Usikate mpingo wako mwenyewe, maana uvunaji na usafirishaji wake unahitaji kibali. Kwa kibao cha sentimita 8 kwa 6 masalia ya wachongaji, kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam, yanatosha.

Kukausha ndiko kunakoharibu vibao vingi. Duara zima la gogo hupasuka kutoka kwenye moyo kwenda nje, kwa sababu mbao husinyaa zaidi kwa kufuata pete kuliko kuelekea kwenye moyo. Kwa hiyo usikaushe duara zima. Kata vipande vya unene wa sentimita 3, vipasue mara nne kupitia moyo, toa moyo wenyewe na sentimita moja kuuzunguka, kisha paka nta au rangi ya mafuta nyuso zote mbili ili maji yatoke polepole. Panga kivulini penye hewa, juu ya vijiti. Pima kwa mizani kila wiki mbili. Uzito ukikaa palepale mara tatu mfululizo, kimekauka. Kwa mpera hesabu miezi 6 au zaidi.

Kisha piga pande ziwe na pembe sawa, unganisha vipande viwili au vinne kwa gundi ya mbao isiyoingiza maji, na vibane usiku kucha. Uso usugue kwa msasa namba 120, 240, 400 na 600, msasa ukiwa umebandikwa juu ya kioo, na wewe ukisukuma kibao. Ukishika msasa mkononi, kingo zitakuwa chini kuliko katikati na hazitachapa. Kibao kizuri kikifika hapo kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na taa inajiona juu yake.

Usikiache juani hata saa moja. Kazi kubwa ya Bewick, picha ya fahali wa Chillingham ya mwaka 1789, kibao chake kilipasuka baada ya nakala chache tu kuchapwa. Fundi yule alikuwa ameshatumia miaka zaidi ya 20 kwenye ufundi huo, na mbao haikumhurumia.

---

Ncha_Kali

Naongezea upande wa kalamu.

Bewick hakufunzwa useremala. Mwaka 1767, akiwa na miaka 14, aliingia uanagenzi wa miaka 7 kwa Ralph Beilby wa Newcastle, karakana iliyochonga fedha, shaba, mihuri na vibao vya milangoni. Kwa hiyo alipokuja kwenye mbao alikuja na kalamu ya mchonga chuma, ile burini, wala hakutumia kisu. Fundi wa kisu huacha mstari mweusi kwa kuondoa mbao pande zake zote mbili. Burini inalima mtaro mmoja, na mtaro huo ndio mstari, ukatoka mweupe. Kwa madoa ya kanga tofauti hii ni kubwa: doa linachukua mguso mmoja badala ya mikato minne.

Zinakutosha tatu. Ya kwanza ni burini ya pembe nne iliyolalishwa kidogo, kwa mistari inayonenepa na kukonda kadiri unavyobonyeza. Ya pili ina tumbo la mviringo, kwa madoa. Ya tatu ni bapa ya milimita 3, ya kuondoa sehemu pana. Zikikosekana madukani, mpelekee sonara sampuli. Masonara wana kalamu za aina hii na wengi wanazitengeneza wenyewe kutokana na chuma kigumu.

Uso wa ncha unolewe kwa pembe ya takriban digrii 45 juu ya kinoo laini chenye tone la mafuta. Uso wote ulale kwenye jiwe na usiyumbe. Ukiyumba unatokea mviringo, na ncha ya mviringo inateleza juu ya mbao kisha inachoma ghafla mahali usipotaka. Kujua kama imeshika, igusishe juu ya ukucha bila kubonyeza. Ikikamata, ni kali. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe. Kwa mpera noa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa mpingo mapema zaidi.

Mpini ukae ndani ya kiganja, na ncha itokeze mbele ya kidole gumba sentimita 2 hadi 2.5, si zaidi. Gumba linabaki limegusa kibao kama breki. Kibao kiwe juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, mkubwa kama sahani. Hapa ndipo waliotoka kwenye linoleamu wanapopotea: mkono wa kalamu unasukuma mbele tu, na mkunjo wa mstari unatoka kwa mkono wa pili unaozungusha kibao juu ya mfuko. Ukijaribu kukunja mstari kwa kifundo cha mkono, ubavu wa burini unaponda ukuta wa mtaro, na ukuta uliopondwa unachapa kama kivuli kichafu.

Kina cha mstari ni milimita 0.3 hadi 0.5. Zaidi ya hapo unadhoofisha ukuta wa jirani bure. Sehemu pana inayotakiwa kubaki nyeupe kabisa iende milimita 2 hadi 3, la sivyo roli itazama na kuigusa.

Sasa kanga mwenyewe. Hamishia mchoro ukiwa umegeuzwa, kushoto kuwe kulia. Paka uso wa kibao wino mweusi uliozimuliwa, acha ukauke, halafu hamisha mistari mikuu tu: mgongo, bawa, jicho, pembe. Kila utakachochonga kitaonekana cheupe juu ya giza, na unaiona chapa yako kabla ya kuichapa.

Usitawanye madoa ovyo. Kwa kanga yamejipanga kwa safu kufuata unyoya, ubavuni makubwa, yakielekea shingoni yanapungua. Kwenye manyoya ya bawa yanayotokeza nje yanageuka kuwa mistari. Tafuta unyoya uliodondoka, uweke chini ya kioo cha kukuzia, na uhesabu safu zake kabla hujagusa burini. Anza na madoa makubwa ya ubavu, uende kwenye madogo, kwa sababu doa unaweza kulipanua lakini huwezi kulirudisha. Kati ya doa na doa acha ukuta usiopungua robo milimita.

Ngozi tupu ya kichwa isiwe na madoa kabisa. Ipe mistari miembamba iliyolala, iliyokaribiana, ili jicho la mtazamaji lijue kuwa hapo si manyoya.

---

Mchapaji_Moro

Asanteni sana. Mpera nitaupata Mgeta. Bado nangoja jibu la ule ukungu wa nyuma na la kuchapa kwa mkono. Na hili: joto la huku linafanya wino kuwa laini na kujaa kwenye mistari. Watu wanafanyaje?

---

Wino_Mzito

Ukungu kwanza, maana ndiyo siri kubwa ya Bewick na watu wengi hudhani ni mistari myembamba tu.

Kabla ya kuchonga mandhari ya mbali, alikwangua sehemu hiyo ya kibao ikawa chini kidogo ya uso. Kidogo hasa, unene wa karatasi moja au mbili, kisha ndipo akachonga mistari juu ya sehemu iliyoshuka. Wakati wa kuchapa, karatasi inaigusa sehemu ile kwa nguvu pungufu, wino unahama kidogo, na mstari uleule mweusi unatoka kijivu. Mpito lazima uwe mteremko. Ukiacha ngazi, itachapa kama mstari wa mpaka kuzunguka ndege wako. Kwangua kwa kisu kilichosimama wima, halafu pitisha msasa namba 600 uliokunjwa kwenye kijiti.

Lakini angalia kilichokuwa kinasaidia njia hiyo. Wachapaji wa wakati ule walipaka wino kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufu, laini, inayofika hata palipozama. Karatasi ilikuwa imeloweshwa, na nyuma yake palikuwa na blanketi. Wewe ukitumia roli ngumu ya mpira, sehemu iliyoshuka haitapata wino kabisa, na badala ya kijivu utapata pengo. Kwa hiyo shusha nusu ya unavyodhani, na baada ya roli kupita, gusia sehemu ile kwa kitambaa laini kilichofungwa juu ya pamba na kuchovywa kwenye wino kidogo.

Kuchapa kwa mkono inawezekana kabisa, na kwa kibao cha sentimita 8 kwa 6 matokeo hayatofautiani sana na ya mashine. Karatasi ndiyo inayoamua. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ni ngumu na ina gundi usoni. Itakulazimisha kubonyeza hadi karatasi iingie kwenye mitaro. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani ya gramu 30 hadi 45, upande ulio laini. Kwa majaribio, tishu nyeupe ya kufungia zawadi inatosha kukuonyesha kila kosa.

Wino uwe wa mafuta. Wa maji hukauka juu ya kibao kabla hujamaliza kusugua, na nyuzi zilizosimama zinayanywa yale maji, uso unavimba. Weka wino kidogo tu, ukubwa wa punje mbili za maharage, juu ya kioo, uutandaze kwa roli ngumu hadi usikie mlio mwembamba kama wa hariri inayochanwa. Mlio mzito wenye kunatanata ni wino mwingi. Pitisha roli kwenye kibao mara nne au tano kwa pande tofauti, ukiwa huibonyezi; uzito wa roli unatosha. Tabaka nne nyepesi hutoa weusi uliokaza, tabaka moja nene linaziba madoa.

Kwa joto ulilolitaja, changanya unga wa magnesiamu kaboneti, robo kijiko cha chai kwa kijiko cha chai cha wino, ukisaga kwa kisu cha rangi. Wino unakuwa mfupi, yaani ukiuinua kwa kisu unakatika badala ya kuvuta uzi. Wino wa uzi mrefu ndio unaotambaa kwenye mitaro. Kuchapa alfajiri nako kunasaidia kuliko dawa nyingi.

Laza karatasi mara moja, usiisogeze. Ishike kwa mkono mmoja, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao au cha mfupa, kutoka katikati kwenda nje, kwa miduara midogo. Kijiko cha chuma kinapata moto na kung'arisha karatasi. Ukikitumia, weka karatasi ya kuokea katikati. Inua kona moja uangalie, rudisha, sugua palipofifia. Sehemu ya ukungu isugue kwa kidole tu.

Ukisoma nakala yenyewe inakuambia kosa. Madoa yaliyoziba ubavuni tu na sehemu nyingine ziko safi: roli ni laini mno au kuta ni fupi. Madoa yaliyoziba kila mahali: wino. Vidoti vyeupe ndani ya weusi vinavyokaa palepale kwenye kila nakala: kibao kina vinyweleo au msasa haukufika. Vinavyohama kutoka nakala moja hadi nyingine: vumbi kwenye wino. Nakala iliyo nyeusi katikati na hafifu kingoni ni uso uliosuguliwa kwa msasa wa mkononi, kama alivyosema Fundi_Randa. Unaweza kuuokoa kwa kubandika kipande cha karatasi nyembamba chini ya kibao upande uliofifia.

Madoa yakiziba katikati ya kazi, usichokonoe kwa sindano. Chapa nakala mbili tatu bila kuongeza wino hadi wino utoke wenyewe, kisha tone la mafuta ya taa kwenye mswaki laini, na ufute kwa kitambaa kikavu. Maji hapana, hata kidogo. Ukimaliza, kibao kihifadhiwe kimesimama kwa ubavu ili hewa ifike pande zote. Ukikilaza mezani, upande wa juu unakauka peke yake na kibao kinapinda.

Msimu wa masika nakala zitachukua wiki nzima kukauka. Zitundike, usizibebanishe.

---

Bi_Tamima

Nakubaliana na yote, ila ningependa mwenye mada aangalie pia jinsi Bewick alivyomfikia ndege, kwa sababu ndiko picha yake inakopata uhai.

Alizaliwa Cherryburn, shamba lililo karibu na mto Tyne, na hata alipokuwa fundi mjini alizoea kutembea kwa miguu kwenda kwa wazazi wake, karibu kilomita 18, kila wiki. London alikwenda mwaka 1776, hakuipenda, mwaka uliofuata alikuwa amesharudi. Kwa hiyo vichaka, mawe na visiki anavyoviweka chini ya ndege ni vya mahali alipopajua kwa miguu yake.

Kwa ajili ya kitabu cha ndege wa Uingereza, mwaka 1791 alikaa karibu miezi miwili kijiji cha Wycliffe akichora ndege waliokaushwa na kujazwa kwenye mkusanyiko wa Marmaduke Tunstall. Hakuridhika. Ndege aliyejazwa anakaa jinsi aliyemjaza alivyodhani: shingo ndefu mno, manyoya yamelala kinyume. Michoro mingi aliiweka kando akangoja ndege hai au waliokufa karibuni, na watu wakawa wanamletea. Juzuu ya ndege wa nchi kavu ilitoka mwaka 1797, ya ndege wa majini mwaka 1804. Ukiwa na picha nzuri za juzuu hizo mbele yako, utawatofautisha wale aliowaona wakitembea na wale aliowaona kabatini, kwa kuangalia miguu tu. Ndege hai uzito wake unaonekana kwenye vidole.

Kanga pia yumo katika juzuu ya 1797, kwa jina la Pintado, wa kufugwa. Mtafute uone alivyoshughulikia madoa, lakini usimnakili. Wewe una kanga hai karibu. Mchore akiwa anatembea, mgongo umeinuka, mkia umeshuka, na mchore tena akikimbia, maana shingo inasimama na umbo lote linabadilika. Chagua mojawapo. Picha nyingi za kanga zinashindwa kwa sababu mwili ni wa anayetembea na shingo ni ya anayekimbia.

Jambo la mwisho ni kingo. Picha nyingi za Bewick hazina fremu. Majani na ardhi vinafifia taratibu hadi karatasi tupu. Hilo nalo ni kushusha uso: sentimita nusu ya mwisho kuzunguka picha inateremka polepole kuelekea nje, na majani ya ukingoni yanachongwa juu ya mteremko huo. Ukiacha ukingo wa kibao ukiwa juu, utachapa pembe nne hata kama hukuzichora. Panga hili kabla ya kuchonga. Ukishachonga majani, huwezi tena kukwangua bila kuyafuta.

---

Mchapaji_Moro

Bi Tamima, shukrani. Fundi_Randa, swali moja: kiungo cha gundi kikipita katikati ya kanga, hakitaonekana?

---

Fundi_Randa

Kitaonekana kama uzi mweupe mwembamba ikiwa gundi imesinyaa au kiungo hakikukaa sawa. Piga nyuso za kiungo kwa randa iliyonolewa upya, ziinue kwenye mwanga zikiwa zimegusana. Mwanga ukipenya popote, rudia. Halafu geuza kibao ili kiungo kipite chini ya miguu, kwenye nyasi, au kifuate mpaka wa bawa na mwili ambako tayari kuna mstari mweupe. Kwa sentimita 8 kwa 6 jitahidi upate kipande kimoja kisicho na kiungo. Robo ya shina la mpera lenye unene wa sentimita 25 inaweza kukitoa, ukikata mbali na moyo.